Kiko, Rangi na Spiriti: Hatari Iliyomo Chupani

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alikaribishwa katika boma la Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Katika habari alizoandika juu ya siku ile alitaja joho jeusi la Kiarabu alilovaa mwenyeji wake, soksi zake za shanga na bangili zake za shaba, na akaongeza kwamba kando ya mfalme na ndugu yake Nnanaji vilikuwako viko vikubwa vya udongo mweusi. Wanahistoria huipita habari hiyo upesi ili wafike kwenye ng'ombe, vyuma na siasa za ukoo wa Wahinda. Lakini mwanakemia anayo sababu ya kusimama hapo kidogo. Weusi wa viko vile haukutoka chupani. Chombo cha mfinyanzi kikichomwa kwa moto wenye moshi mwingi na hewa haba hunywa masizi mpaka ndani ya vinyweleo vyake, na masizi hayo, ambayo ni kaboni tu, hayayeyuki kwa maji, wala kwa mate, wala kwa pombe. Mvutaji wa zama za Rumanyika alikuwa na sababu nyingi za kuugua, na tumbaku ilikuwa ya kwanza, ila rangi ya kiko haikuwa mojawapo.

Kiko cha mti ni jambo jingine. Miti mingi laini ipatikanayo kwa urahisi katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mhumula ukiwa miongoni mwake, hutoa ubao mweupe au wa manjano hafifu, ilhali mnunuzi anataka kiko cheusi, au cha kahawia iliyokolea, au chenye wekundu wa damu ya mzee. Hivyo ndivyo walivyozoeshwa wanunuzi wa dunia nzima na viko vya Ulaya, ambavyo tangu karne ya 19 vimekuwa vikitiwa rangi zilizoyeyushwa kwa spiriti. Nchi hii yenyewe ina historia yake katika biashara hiyo: kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitengeneza viko vilivyouzwa ng'ambo kwa jina hilohilo la Kiswahili, “Kiko”, kutokana na jiwe jeupe laini la bonde la Amboseli. Fundi wa Kayanga au wa Nkwenda hana jiwe hilo. Anao mti, kisu, msasa, na chupa ya rangi.

Makala haya yanahusu chupa hiyo. Kwa desturi watu huiogopa rangi iliyomo na kukidharau kimiminika kilichoiyeyusha. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mpango huo wa hofu umegeuzwa juu chini, na kuugeuza tena usimame sawasawa si kazi ya fundi peke yake bali ni ya serikali pia.

Kwa nini spiriti

Fundi anayeipenda spiriti hakosei. Maji yakimwagwa juu ya mti uliokwisha kulainishwa kwa msasa huzifanya nyuzi zake zivimbe na kusimama, hata uso uliokuwa laini kama ganda la yai ukawa kama ulimi wa ng'ombe. Tena maji hukauka polepole, na mti unaovimba na kunywea mara kwa mara hupasuka. Kwa kiko, ambacho kuta zake ni nyembamba na kitakuja kupata moto, ufa mdogo ni mwisho wa kazi. Spiriti hupenya upesi, huzisimamisha nyuzi kidogo mno, na hukauka kwa dakika chache.

Lakini neno “spiriti” si jina la kitu kimoja. Chini ya jina hilo hupita angalau vimiminika vitatu. Kipo ethanoli, yaani kilevi kilichomo katika rubisi, bia na mvinyo. Kipo isopropanoli, ambayo hutumiwa sana katika hospitali na katika dawa za kutakasa mikono. Na kipo methanoli, ambayo zamani ilipatikana kwa kukereketa kuni na siku hizi hutengenezwa viwandani hasa kutokana na gesi asilia. Vyote vitatu ni vyeupe kama maji, vyote huwaka, vyote huyeyusha rangi, na pua ya mtu asiye mtaalamu haiwezi kuvitenganisha kwa yakini. Tofauti yao huonekana ndani ya mwili, na hapo huwa imechelewa.

Uhusiano wa spiriti na rangi una historia ya ajabu kidogo. Mwaka 1855 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wenye viwanda kupata kilevi bila ushuru, kwa sharti kwamba kichanganywe na roho ya kuni, yaani methanoli isiyosafishwa, ili kisinyweke. Ndipo lilipozaliwa jina la “methylated spirit”. Mwaka uliofuata, 1856, kijana wa miaka 18 mjini London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akapata badala yake uchafu wa zambarau ulioyeyuka vizuri katika kilevi. Uchafu ule ulikuwa rangi ya kwanza ya anilini kuuzwa kibiashara. Malaria haikupata dawa siku ile, ila viwanda vya nguo, viatu na samani vilipata ukoo mpya wa rangi, na rangi ya spiriti ya fundi wa kiko ni mjukuu wa ukoo huo.

Kuchagua rangi

Ukoo wenyewe una watu wema na watu wabaya. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alieleza habari za uvimbe wa kibofu cha mkojo alioukuta kwa wafanyakazi wa kiwanda cha fuksini, rangi nyekundu ya jamii hiyo. Utafiti wa miaka mingi iliyofuata ulionyesha kwamba baadhi ya amini zitumiwazo kutengeneza rangi hizi, hususan benzidini na naftilamini ya pili, husababisha saratani ya kibofu, na kwamba rangi zilizojengwa juu ya benzidini zinaweza kuvunjika mwilini na kuirudisha benzidini yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 ziliripotiwa pia habari za watu waliogeuka buluu midomo na kucha kwa kuvaa viatu vilivyotiwa rangi siku hiyohiyo: anilini na nitrobenzini zilizokuwa katika rangi zilipenya ngozi ya mguu na kuiharibu damu isiweze kuchukua hewa. Hawakunywa kitu wala hawakulamba kitu. Walivaa viatu tu.

Kwa hiyo fundi asiulize kwanza kama rangi inapendeza, bali inaitwaje. Rangi za viwandani zina majina na namba katika orodha ya kimataifa iitwayo Colour Index, ambayo ilianza kutolewa katika miaka ya 1920. Nigrosini iyeyukayo katika spiriti, kwa mfano, ambayo ni nyeusi ya kawaida ya kazi za mti na ngozi, huandikwa Solvent Black 5. Nigrosini ya maji ni Acid Black 2. Muuzaji anayejua kazi yake anaweza kuitaja namba, na kampuni inayojiheshimu hutoa karatasi ya maelezo ya usalama. Kipakiti cha unga kisicho na jina wala namba, kama vile viuzwavyo sokoni kwa wasusi wa mikeka na vikapu, kisiguse kitu kitakachoingia kinywani. Hapa hakuna haja ya majadiliano marefu.

Zile ziitwazo rangi za besi zinang'aa kuliko zote na ndizo zinazomvutia fundi mgeni wa kazi: zambarau ya methili, kijani ya malakiti, manjano ya auramini, pinki ya rodamini. Zina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba jua la ikweta huzipausha kwa muda mfupi, hivyo kiko kilichokaa dirishani mwa duka hubadilika sura kabla hakijauzwa. Ya pili ni sumu yake. Wapo wanaodhani kwamba dawa ya zambarau ya vidonda, ile ijulikanayo madukani kama GV, ni salama kwa mti kwa kuwa ilipakwa vinywani mwa watoto vizazi kwa vizazi. Dawa hiyo ni ndugu wa zambarau ya methili. Mwaka 2019 wizara ya afya ya Kanada iliwaonya wananchi wake wasiitumie kwa sababu ya shaka ya saratani, na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulio Lyon, Ufaransa, umeiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kumletea binadamu ugonjwa huo. Umri wa desturi si cheti cha maabara.

Rangi zenye metali ndani yake, ambazo hutengenezwa kwa kuifunga rangi kwenye kromu au kobalti, hudumu zaidi juani na hutumiwa sana na maseremala wa ng'ambo. Kwa uso wa nje wa bakuli la kiko zinaweza kukubaliwa, maadamu namba yake inajulikana na imefunikwa vizuri. Kwa mrija, pale midomo inaposhika, hazifai, kwani kromu na kobalti huwasha ngozi za baadhi ya watu. Kwa kweli mrija hauhitaji rangi yoyote.

Kadhalika ndani ya bakuli na ndani ya tundu la moshi. Tumbaku ikiwaka hufikia mamia ya nyuzi za joto, na katika joto hilo rangi nyingi huvunjika na kuzaa amini zilezile alizozikimbia mtengenezaji wake. Fundi azibe bakuli kwa kizibo cha nguo au cha bunzi la mahindi kabla hajaanza kupaka, na tone likiingia ndani alikwangue mpaka aone mti mweupe.

Jaribio la vitambaa viwili

Mafundi wengi wanalo jaribio lao: hulowesha kitambaa cheupe kwa maji au kwa mate, hukisugua kwenye kiko kilichokauka, na kama hakikutoka na rangi husema kazi imekwisha. Kwa rangi ya maji jaribio hilo ni zuri. Kwa rangi ya spiriti ni karibu sawa na bure, kwa sababu rangi isiyoyeyuka katika maji haiwezi kutoka kwa maji. Iliingia kwa kilevi na itatoka kwa kilevi.

Na kilevi kipo. Mvutaji wa kiko wa Karagwe si mtu anayevuta peke yake juu ya mlima; aghalabu yuko barazani na wenzake, na mbele yao ipo rubisi, au ile pombe kali itokanayo na rubisi ambayo wenyeji huiita enkonyagi. Mdomo uliolowa enkonyagi ukigusa kiko kilichopakwa rangi ya spiriti unafanya kazi ileile aliyoifanya fundi kwa brashi, ila kwa kuelekea upande wa pili: rangi inatoka mtini na kuingia mtu. Kwa hiyo vitambaa viwe viwili, kimoja cha maji na kimoja cha spiriti, na kiko kisiuzwe mpaka vyote viwili vitoke vyeupe.

Jaribio hili la pili huangusha kazi nyingi. Shelaki, ambayo ni gundi ya wadudu ipendwayo kwa kung'arisha, huangushwa nalo mara moja, maana yenyewe huyeyuka katika spiriti. Tena ikipakwa juu ya rangi ya spiriti huiyeyusha rangi hiyo na kuiburura. Nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa nyuki wanaweza kuitoa kwa wingi, haiyeyuki kwa urahisi katika kilevi baridi, ila huyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hadi 65 za sentigredi, na bakuli la kiko linalovutwa kwa pupa huilainisha. Nta ya karnauba kutoka Brazili hustahimili mpaka zaidi ya nyuzi 80 na ndiyo inayopendelewa. Pasipo nta hiyo, mafuta ya kitani yaliyopakwa kidogo kidogo na kuachwa yagande kwa majuma kadhaa hufunika vizuri. Ila matambara yaliyofutiwa mafuta hayo yasirundikwe pembeni mwa karakana. Mafuta ya kitani hutoa joto yanapoganda, na matambara yaliyorundikwa huweza kuwaka yenyewe bila ya kiberiti. Yatandazwe nje mpaka yakakamae, au yazamishwe majini.

Rangi za nyumbani

Wako watakaosema, basi tuziache rangi za viwandani, turudie mimea. Wazo hilo lina uzuri wake, nalo lina udanganyifu wake. Tumbaku yenyewe ni mmea. Mbarika ni mmea, na punje zake chache zaweza kuua. Uasili wa kitu haumhakikishii mtu usalama.

Hata hivyo, kwa weusi wa kiko, kemia ya zamani inashinda ya dukani. Tanini ya mti ikikutana na chumvi ya chuma huzaa weusi usioyeyuka kwa maji wala kwa spiriti. Wabamana wa Mali hutengeneza kitambaa chao mashuhuri, bogolanfini, kwa kanuni hiyo: maji ya majani yenye tanini kwanza, kisha tope lenye chuma. Fundi wa Karagwe, nchi ya wafua chuma tangu zamani, hahitaji tope. Misumari au sufi ya chuma ikilowekwa katika siki kwa siku chache, katika chombo kisichofungwa kwa kukazwa kwa sababu hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka, hutoa maji ya kutosha. Mti hupakwa kwanza chai nzito, nao mkoa wa Kagera hauna upungufu wa majani ya chai, ukikauka hupakwa maji ya chuma, na weusi hutokea machoni pa mtu. Kwa kuwa njia hii hutumia maji, uso uloweshwe na kupigwa msasa mara moja au mbili kabla ya kupaka, ili nyuzi zisimame na kukatwa mapema.

Kwa wekundu, unga wa msumeno wa miti ya jamii ya mninga na mkurungu ni hazina inayotupwa. Wekundu wa jamii hiyo una tabia ya kukataa maji na kukubali kilevi: unga uliolowekwa siku kadhaa katika ethanoli safi na kuchujwa kwa kitambaa hutoa rangi ya spiriti isiyo na anilini hata kidogo. Vumbi lake huwasha mapafu, na fundi azibe pua anapolishika. Manjano ya jikoni nayo huyeyuka katika spiriti kuliko katika maji, lakini hupauka juani upesi mno, na asiahidiwe mtu kwamba itadumu. Rangi hizi za miti, tofauti na weusi wa chuma, bado hutoka kwa kitambaa cha pili, hivyo zinahitaji kufunikwa kama nyingine.

Yafaa kuonekana kwamba hata fundi aliyeamua kuachana na viwanda kabisa amerudi kwenye swali lilelile. Ili aupate wekundu wa mninga anahitaji ethanoli. Ataipata wapi?

Moto

Kabla ya swali hilo kujibiwa, neno juu ya moto. Ethanoli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia joto la nyuzi 13 za sentigredi, isopropanoli 12, methanoli 11. Karagwe ni nchi ya juu yenye baridi yake, lakini mchana joto hupita nyuzi 20 bila taabu. Maana yake bakuli la rangi lililo wazi karakanani ni bakuli la mvuke uliokwisha kuiva kwa kuwaka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautoki dirishani bali hutambaa sakafuni kama maji, na jiko la mkaa lililo hatua kadhaa kutoka meza ya fundi huufikia kabla fundi hajanusa kitu. Muwako wa spiriti ni hafifu, na mchana wa jua karibu hauonekani; mtu huweza kuungua mkono asijue umewaka nini.

Kwa hiyo desturi iliyoigwa kutoka kwa mafundi wa ng'ambo, ya kukipaka kiko rangi na kukiwasha moto papo hapo “ili rangi ikae”, haina nafasi katika karakana ya chumba kimoja yenye randa za mbao sakafuni. Faida yake ni ndogo: spiriti hukauka yenyewe baada ya dakika chache. Kazi ifanywe nje au penye upepo, kwa kiasi kidogo cha rangi kwenye kibakuli, chupa kubwa ikiwa imefungwa na kuwekwa mbali. Ndoo ya mchanga na ndoo ya maji viwe karibu. Glovu zivaliwe, kwani spiriti huondoa mafuta ya ngozi na kuifungulia rangi mlango. Mjamzito na mtoto wasikae humo.

Methanoli

Sasa kwenye jambo zito. Mwezi Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale kusini-magharibi mwa Uganda, watu wapatao 80 walikufa katika muda wa majuma machache kwa kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Mwezi Mei 2014 ilikuwa zamu ya Kenya, ambako pombe ya aina hiyo iliua watu wengi katika kaunti za Embu, Kiambu na nyinginezo. Kabale si mbali na mpaka wa wilaya ya Kyerwa, ambayo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 na ambayo imeunganishwa na Uganda kwa njia ya Murongo, ng'ambo ya mto Kagera. Watu, ndizi, ng'ombe na pombe havijawahi kuuheshimu sana mto huo.

Ini la binadamu huigeuza methanoli kuwa fomaldehidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mshipa wa jicho. Mililita 10 zimetosha kupofusha mtu. Mililita 30 zaweza kuua. Ubaya wake mkubwa ni ukimya. Mnywaji hulewa kidogo, hulala, na baada ya nusu siku au siku nzima ndipo huanza kutapika, kupumua kwa kasi na kuona kila kitu kama kilichofunikwa na ukungu mweupe. Wenzake husema ni uchovu wa ulevi. Mgonjwa wa namna hiyo akimbizwe hospitali, iwe Nyakahanga au Isingiro, na waliompeleka waseme bila haya alichokunywa, kwa kuwa tiba ipo na thamani yake hupungua kila saa inayopita.

Iko imani kwamba ni ndizi zenyewe zinazoua. Ni kweli kwamba matunda yenye pektini yakichachuka hutoa methanoli kidogo, lakini hicho ni kiasi hafifu; vifo vya makundi kama vya Kabale hutokana na methanoli ya viwandani iliyomiminwa katika pombe na mtu. Iko imani nyingine, ya hatari zaidi, kwamba spiriti nzuri hujulikana kwa muwako wake wa buluu. Methanoli nayo huwaka buluu.

Ndiyo maana chupa ya fundi wa kiko si jambo la fundi peke yake. Akinunua methanoli ya kuyeyushia rangi, anaivuta kwa mapafu na kuinywa kwa ngozi. Viwango vinavyotumiwa na wakaguzi wa viwanda huruhusu hewani sehemu 200 tu za methanoli katika milioni kwa siku ya kazi, ilhali ethanoli huruhusiwa 1,000. Tena chupa hiyo, ambayo mara nyingi ni chupa ya soda au ya maji ya kunywa, inakaa katika nyumba yenye watoto na katika kijiji chenye kiu. Siku yatakapokosekana mapato, au siku mwenyewe atakapokuwa safarini, itatoka karakanani na kuingia barazani. Na akienda njia ya pili, akachukua enkonyagi ya jirani, atakuwa ametumia kimiminika chenye maji mengi kinachosimamisha nyuzi za mti, na juu ya hayo ameshiriki katika jambo lililokatazwa na Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 kwa yeyote asiye na leseni. Kati ya sumu na kosa la jinai, fundi amewekwa pabaya.

Wenye kutunga sheria mwaka 1855 walikuwa na nusu ya jibu. Waliona kwamba fundi anahitaji kilevi cha bei nafuu, na kwamba serikali ina haki ya kukifanya kisinyweke. Kosa lao, ambalo nchi nyingi zimelirithi, lilikuwa kuchagua kitu kinachoua badala ya kitu kinachochukiza. Kumwadhibu mlevi kwa upofu hakujawahi kumzuia, kumempofusha tu. Tangu mwaka 1958 dunia inayo denatoniamu, iliyogunduliwa Scotland, ambayo ni kitu kichungu kuliko vyote vijulikanavyo. Chembe chache mno katika lita ya ethanoli huifanya isimezeke. Australia huuza spiriti ya mafundi isiyo na methanoli ndani yake, ingawa jina la zamani limebaki. Popote ambapo methanoli bado hutumiwa kuharibia kilevi kiuzwacho kwa wananchi, iondolewe na uchungu uwekwe mahali pake.

Vyombo vya kufanya hivyo vipo. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 imeipa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali uwezo wa kusimamia vitu hivi, na mamlaka hiyo ina ofisi ya kanda Mwanza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ambalo limekuwako tangu 1973, linawajua mafundi. Kinachokosekana ni chupa ndogo. Muuzaji wa kemikali huuza kwa pipa na kwa dumu, na masharti yake yameandikwa kwa kumfikiria mwenye kiwanda. Mchonga viko, anayehitaji nusu lita kwa miezi miwili, hana mlango wa kuingilia, naye huishia kwa muuzaji asiye na lebo. Ethanoli ya asilimia 95, iliyotiwa uchungu, katika chupa ya nusu lita yenye umbo lisilofanana na chupa yoyote ya kinywaji, na lebo ya Kiswahili yenye jina la kimiminika, alama ya moto na namba ya simu ya msaada, ingeuzwa kwa mafundi walioandikishwa kupitia ofisi za SIDO na vyama vya ushirika. Pamoja nayo kiwepo kipakiti cha nigrosini chenye namba yake, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ambacho hutosha kwa nusu lita hiyo.

Itasemwa kwamba huo ni mpango mkubwa kwa kiko kidogo. Lakini chupa ileile ndiyo itumiwayo na mpaka rangi wa samani, na mshona viatu, na mchonga miko, vijiko na vikombe vya mti ambavyo watoto huvitia kinywani kila siku bila kuvuta tumbaku. Kuhusu kiko chenyewe, mnunuzi anayesikiliza ushauri wa madaktari atakitundika ukutani, na hapo rangi yake itabaki kuwa shauri la jua peke yake.